Mlinzi wa Gereza na Amana ya Ufunguo

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mwadilifu, asiyeridhia dhulma wala asiyemsahau aliyedhulumiwa. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Miongoni mwa maswali ambayo wazee wa pwani huwapelekea wanazuoni baada ya sala ni hili: kijana amekwisha masomo yake, hana duka wala chombo wala shamba, na serikali imetangaza nafasi za askari wa magereza. Je, yamfaa Muislamu kuingia katika kazi hiyo? Na mshahara wake ni halali kuula na kuwalisha wanawe?

Watu juu ya jambo hili wamekuwa makundi mawili. Kundi la kwanza husema: kazi ni kazi. Mwenye kufunga mlango kwa amri hana tofauti na mwenye kufagia soko kwa amri. Yeye hakushtaki wala hakuhukumu, na dhambi ikiwapo iko juu ya hakimu. Kundi la pili husema: huyo ni msaidizi wa dhalimu, na riziki yake hutoka katika machozi ya watu, afadhali akabebe magunia bandarini. La kwanza limelegeza mno, na la pili limekaza mno, na yote mawili yamekosa kulitazama jambo lenyewe, nalo ni hili: mlinzi wa gereza ameshika nini mkononi mwake, na alichokishika ni haki ya nani?

Si ajabu kwa watu wa pwani kulichukia gereza. Ngome ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, iligeuzwa jela mwaka 1895, Waingereza walipokuwa wakishika utawala, ikabaki jela hata mwaka 1958. Ngome ya Lamu ilikuwa jela tangu 1910 hata 1984. Na neno lenyewe gereza, wajuzi wa lugha husema, asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Likawa jina la ngome, kama vile ngome ya Kilwa Kisiwani iitwavyo Gereza mpaka leo, kisha likawa jina la nyumba ya kufungia watu. Basi mtu aliyekua akipita chini ya kuta hizo, akijua ya kuwa ndani wamo jirani zake na bendera iliyo juu si yake, moyo wake huona kuwa gereza ni kitu cha wageni, na kila anayelilinda ni mtumishi wa wageni. Chuki hiyo imerithiwa na watoto ijapokuwa bendera ile imeshuka zamani.

Walakini kulichukia gereza la dhalimu ni jambo moja, na kusema kuwa gereza halina asili katika Sharia ni jambo jingine. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alimzuia mtu kwa tuhuma, kisha akamwachilia. Katika zama zake haikuwako nyumba maalumu ya kufungia watu. Mateka aliwekwa katika nyumba ya mmoja wa masahaba, au alifungwa msikitini, kama itakavyokuja khabari yake. Ulipokuja ukhalifa wa Umar (r.a.), liwali wake wa Makka, Nafi bin Abdilharith, aliinunua nyumba ya Safwan bin Umayya ili iwe mahabusi. Na Ali (r.a.) alipokuwa Kufa alijenga gereza la matete, wezi wakalitoboa wakatoka, naye akajenga jingine la udongo lililo imara zaidi.

Na sababu yake iko wazi kwa mwenye akili. Hukumu isiyokuwa na mlinzi ni maneno matupu. Mtu aliyejeruhiwa, na mtu aliyevunjiwa duka lake usiku, na mjane aliyeliwa mali yake na wasii mkhaini, wote hao wana haki ya kuona kuwa aliyewadhulumu amezuiwa asirejee kuwadhulumu. Wanazuoni wamesema ukadhi ni faradhi ya kutosheleza, yaani wakiutimiza baadhi ya watu wengine huvuliwa dhambi. Na lile ambalo wajibu haukamiliki ila kwa hilo, nalo huwa wajibu. Basi mlinzi wa gereza, katika asili ya kazi yake, ni mkono mmoja katika mikono ya haki. Akiingia kwa nia ya kuhifadhi haki za watu, akaitimiza kazi kwa sharti zake, hapana linalomzuia kupata thawabu, na mshahara wake ni ujira wa kazi ya halali.

Lakini asili ya jambo si jambo lote, kwani kisu kilichotengenezwa kuchinjia huweza kuua mtu. Na hapa ndipo lilipo jibu kwa kundi lile la kwanza.

Imam Ahmad bin Hanbal, aliyefariki mwaka 241 wa Hijra, alifungwa Baghdad katika fitina iliyoanza mwaka 218, pale khalifa alipotaka kuwalazimisha wanazuoni waseme kuwa Kurani ni kiumbe. Alikaa kifungoni zaidi ya miaka miwili, akiwasalisha wafungwa wenziwe na minyororo iko miguuni. Imepokewa kuwa siku moja mlinzi wa gereza alimjia akamwuliza juu ya hadithi zilizokuja kuhusu madhalimu na wasaidizi wao, kama ni sahihi. Imam akamwambia kuwa ni sahihi. Yule mlinzi, kwa khofu yake, akauliza kama yeye ni miongoni mwa wasaidizi wa madhalimu. Imam akamjibu kuwa wasaidizi ni wale wanaomnyoa nywele zake na kumfulia nguo zake na kumpikia chakula chake. Ama yeye, ni miongoni mwa madhalimu wenyewe.

Jibu hili ni zito, na wengi wamelichukua wakawapiga nalo walinzi wote wa magereza wa kila zama. Lakini haifai kuichukua fatwa na kuiacha hali iliyotolewa ndani yake. Mlinzi yule alikuwa amemfungia nani? Alimfungia mtu ambaye kila mwenye macho Baghdad alijua kuwa hakuiba wala hakuua. Kosa lake lilikuwa kukataa kusema asiloliamini. Mlinzi alijua, na juu ya kujua akaendelea kugeuza ufunguo. Na lau kama hakujua, asingekuja kuuliza. Basi lililomtoa katika daraja ya msaidizi likamtia katika daraja ya dhalimu ni kujua kwake.

Na hili ndilo lililowekwa wazi na Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, katika kitabu chake Minhaj, ambacho wanafunzi wa pwani hukisoma kwa masheikh wao. Ametaja hukumu ya jaladi, yaani mtu anayeua au kupiga kwa amri ya imam. Maana ya hukumu hiyo ni kwamba jaladi akiwa hajui dhulma ya imam wala kosa lake, basi kitendo chake huhesabiwa kuwa ni kitendo cha imam, na dhamana iko juu ya imam. Ama akiwa anajua, basi kisasi au dhamana ni juu ya jaladi mwenyewe, maadamu hakulazimishwa. Tazama jinsi mizani hii ilivyo sawasawa. Hakutakiwa jaladi awe kadhi, arejee kuwauliza mashahidi na kupekua kila hukumu. Kwani kama kila mtumishi atataka kuhukumu upya, hukumu zote zingesimama. Lakini pia hakupewa ruhusa ya kufumba macho na kusema: nimeamriwa.

Mlinzi wa gereza hupimwa kwa mizani hiyo hiyo. Akiletewa mtu na hati ya mahakama, wala hana ajualo juu ya kesi yake, ni halali kwake kumpokea na kumfungia. Ikiwa hakimu amekosa, kosa ni la hakimu. Lakini akijua kwa yakini kuwa mtu huyu siku zake zimekwisha na hati yake ya kutoka imefichwa, au kwamba huyu ametiwa ndani pasipo hati yoyote, au kwamba huyu anapigwa usiku ili akiri, hapo kutojua kumekwisha, na udhuru umekwisha pamoja nako.

Kuna atakayesema: mimi nimelazimishwa; nikikataa nitafukuzwa kazi. Neno hili lataka kutazamwa kwa makini, kwani ndilo kimbilio la wengi. Kulazimishwa katika Sharia, ambako wanazuoni huita ikrahi, kuna sharti zake: mwenye kutisha awe na uwezo wa kulitenda analolitishia, na anayetishwa ashindwe kukimbia au kujikinga, na jambo linalotishwa liwe ni dhara kubwa kama kuuawa au kupigwa pigo kali. Kukosa mshahara wa mwezi ujao si ikrahi. Ni dhiki, na dhiki ni mtihani; lakini hapana mwanachuoni aliyesema kuwa dhiki ya mfuko humhalalishia mtu kuvunja mbavu za mtu mwingine. Na kuua mtu asiyekuwa na hatia hakuhalaliki hata kwa ikrahi iliyo kamili, kwani roho ya mwenye kulazimishwa si bora kuliko roho ya anayeuawa.

Pwani hii yenyewe ina ushahidi wa jambo hilo. Huko Hola, kando ya mto Tana, palikuwa na kambi ya mahabusi katika siku za mwisho za utawala wa Waingereza. Waliokuwamo wengi walizuiwa bila ya kuhukumiwa na mahakama yoyote. Wakubwa wakapanga kuwa wale wanaokataa kazi walazimishwe kwa nguvu. Tarehe 3 Machi 1959 wakatolewa wakachimbe, na walipokataa, walinzi wakawashukia kwa marungu. Watu 11 wakafa, na wengine wengi wakajeruhiwa. Khabari ya kwanza iliyotolewa na serikali ilihusisha vifo vile na maji waliyokunywa. Uchunguzi ulipofanywa ikadhihiri kuwa ni mapigo. Hapana aliyeshitakiwa mahakamani kwa roho zile. Serikali ya Uingereza ilikuja kutamka masikitiko yake juu ya mateso ya kambi za zama zile mwaka 2013, ikawalipa watu 5,228 waliodai, baada ya zaidi ya miaka hamsini kupita.

Sasa na azingatie mwenye kuzingatia. Aliyepanga mpango ule alikuwa mbali, na kalamu yake haikuwa na damu. Marungu yalikuwa mikononi mwa walinzi wa mshahara mdogo, watu wenye wake na watoto, ambao pengine hawakuwa na uadui wowote na wale waliowapiga. Kila mmoja wao aliweza kusema kuwa ameamriwa. Lakini Mtume (s.a.w.) alikwisha fundisha kuwa hapana utiifu kwa kiumbe katika kumwasi Muumba. Na sahaba mmoja aliyepewa uamiri wa kikosi alipowaamrisha watu wake waingie katika moto aliouwasha, wakakataa, khabari ilipomfikia Mtume alibainisha kuwa utiifu uko katika mambo mema tu, na kwamba lau wangeingia wasingetoka humo.

Baada ya kujua hayo, yafaa kuuliza: mfungwa amenyang'anywa nini na hukumu, na amebakiwa na nini? Kwani mlinzi asipojua mpaka huu hatajua wapi kazi yake inakwisha na dhulma inaanza.

Hukumu ya kifungo imemwondolea mtu jambo moja, nalo ni kwenda atakako. Haikumwondolea haki ya kula, wala ya kuvaa, wala ya kutibiwa, wala ya kusali, wala ya kutotukanwa mama yake. Hayo yote yamebaki kuwa yake kama yalivyokuwa alipokuwa nje. Tofauti ni kwamba alipokuwa nje aliyatafuta kwa mikono yake, na sasa mikono yake imefungwa, kwa hiyo yamehamia katika dhima ya aliyemfunga. Na dalili iliyo wazi kabisa juu ya hili ni khabari mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfungia, hakumlisha wala hakumwachilia ajitafutie wadudu wa ardhini, hata akafa. Kama hiyo ndiyo hisabu ya paka, itakuwaje hisabu ya mwana wa Adamu aliyefungiwa chumbani na homa, akigonga mlango usiku kucha, na mwenye ufunguo amelala?

Mambo haya hayakuachwa kuwa mawaidha matupu. Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 182 wa Hijra, alimwandikia Harun ar-Rashid kitabu juu ya kodi na mambo ya dola, na ndani yake akataja hali ya wafungwa. Alimwusia khalifa awawekee posho maalumu ya kila mwezi, wapewe wenyewe mikononi mwao, kwani chakula kikipita katika mikono ya walinzi huliwa njiani; na wapewe nguo za baridi na nguo za joto; na wasitolewe wakiwa na minyororo kwenda kuomba sadaka njiani; na afaye akiwa hana jamaa aoshwe, akafiniwe, asaliwe na azikwe. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka elfu na mia mbili iliyopita, na katika kila neno lake mlinzi wa leo ataona gereza lake.

Na sharia za dola za sasa zimefika mahali hapo hapo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 51, imesema kwa maana yake kuwa mtu aliyezuiwa hubaki na haki zake zote isipokuwa zile zisizoweza kupatana na kuzuiwa kwake. Na kanuni ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha upya mwezi Desemba 2015, zikapewa jina la Nelson Mandela, zimekataza kumpunguzia mfungwa chakula au maji ya kunywa kuwa ni adhabu, na zimekataza kumtenga peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo. Basi mlinzi akimnyima mtu maji kwa kuwa amejibu kwa ujeuri, amevunja Sharia ya Mola wake na sharia ya serikali yake kwa pamoja, na hana pa kujificha.

Na mahabusi ambaye kesi yake haijakwisha ana haki kubwa zaidi. Asili ya kila mtu ni kutokuwa na hatia mpaka ithibiti, na hiyo ni kanuni ya wanazuoni kabla ya kuwa kanuni ya mahakama za sasa. Wengi walio ndani hawakuhukumiwa bado. Wapo kwa kuwa hawakupata mdhamini, au dhamana imewashinda kwa umasikini. Mwenye kumwita mtu kama huyo mwizi, na kumfanyia kama mwizi, amehukumu mahali pa kadhi.

Walakini asifahamu mtu kuwa makosa ya mlinzi ni ukali peke yake. Amana huvunjwa kwa kuzidisha na huvunjwa kwa kupunguza. Muhammad bin Sirin, tabii mkubwa wa Basra aliyefariki mwaka 110 wa Hijra, alifungwa kwa deni lililomshinda. Mlinzi akamwonea haya kumfungia mtu mwema kama yule, akamwambia awe akenda kwake usiku na kurejea asubuhi. Ibn Sirin akakataa, akamwambia kuwa hatamsaidia kumfanyia mtawala khiyana. Na Anas bin Malik (r.a.) alipofariki akiwa ameusia kuwa Ibn Sirin ndiye amwoshe, akataka kwanza iombwe ruhusa ya mwenye kumdai, kwani yeye ndiye aliyemfunga kwa haki yake.

Mlinzi yule alikuwa mtu mwenye huruma, lakini alitaka kufanya huruma kwa mali isiyokuwa yake. Kifungo kile kilikuwa haki ya mwenye deni, na ufunguo ulikuwa amana tu. Leo pia yuko mlinzi anayemtoa mfungwa tajiri kwa mlango wa nyuma, na anayemwingizia simu, na anayemwandikia ugonjwa asiokuwa nao ili alale hospitali. Naye hujiita mwenye huruma, na mfukoni mwake umo mlungula. Huyo amemdhulumu aliyeibiwa mara ya pili. Na mwenzake anayesimama langoni akamtoza mama wa mfungwa kabla ya kumpitishia mwanawe sabuni na chakula, huyo ameuza kisichokuwa chake, na kila shilingi aliyoila ni haramu, hata kama mshahara wake wa halali uko mfuko wa pili.

Kinyume chake ni mlinzi wa Buwayti. Abu Yaqub al-Buwayti alikuwa mwanafunzi wa Imam Shafi na ndiye aliyekalia mahali pake pa kufundishia. Alichukuliwa kutoka Misri kwa minyororo katika fitina ile ile iliyomfika Imam Ahmad, akafia gerezani Baghdad mwaka 231. Imepokewa kuwa kila Ijumaa akisikia adhana alikuwa akioga, akivaa nguo zake, akenda mpaka mlango wa gereza. Mlinzi humwuliza aendako, naye husema anamwitikia mwenye kumwitia Mwenyezi Mungu. Mlinzi humwambia arejee. Naye hurejea akimshuhudisha Mola wake kuwa amemwitikia mwitaji wake, na wao ndio waliomzuia. Historia haikuhifadhi jina la mlinzi yule. Huenda hakuwa mtu mwovu. Huenda alikuwa mtu aliyechoka, akingoja zamu yake imalizike. Lakini kila Ijumaa shauri lilifunguliwa dhidi yake kwa Mfalme asiyesahau, naye hakujua ila kwamba amefunga mlango.

Hapa kuna jambo la kuogopwa zaidi kuliko rungu. Kazi hii hubadili moyo polepole. Mtu hukaa miaka akiamrisha wasioweza kumjibu, na akiongea na watu wasiokuwa na la kufanya ila kumwitika. Mwisho husahau kuwa aliye mbele yake ni mtu, humwona ni namba. Kisha hurejea nyumbani na sauti ile ile, akawaita mkewe na wanawe kwa sauti ya gerezani. Dawa yake ni kukumbuka kuwa Nabii Yusuf (a.s.) alikuwa mfungwa, naye ni bora kuliko kila aliyemlinda. Katika watu mia waliosimama kwenye mstari asubuhi, mlinzi hajui ni yupi kipenzi cha Mwenyezi Mungu. Na Mwenyezi Mungu katika Suratul Insan amewasifu watu wema kwa kuwalisha masikini na yatima na mateka, akamweka mateka katika safu moja na yatima.

Na hii ndiyo khabari ya Thumama bin Uthal, bwana wa Banu Hanifa. Aliletwa akiwa mateka, akafungwa katika nguzo ya msikiti wa Mtume. Kwa siku tatu Mtume (s.a.w.) alikuwa akimpitia na kumwuliza alilonalo, pasipo kumtukana wala kumpiga. Siku ya tatu akaamrisha afunguliwe. Thumama akatoka, akaoga, akarejea kwa hiari yake akasilimu. Alikuwa amefungwa mahali ambapo aliwaona Waislamu wakisali na kusemezana, na alichokiona kilimfungua zaidi ya kule kufunguliwa kamba. Basi mlinzi na ajue kuwa mfungwa humtazama mchana kutwa kwa kuwa hana kingine cha kutazama, na huenda mwenendo wake ukawa ndio mawaidha pekee yatakayomfikia.

Imebaki hoja ya wale wanaosema: watu wema wakiikimbia kazi hii, funguo zitashikwa na watu waovu. Hoja hii ni ya kweli, lakini ina ncha mbili. Ni kweli kuwa gereza lenye mlinzi mmoja mcha Mungu ni bora kuliko lisilokuwa naye. Mfungwa mwenye kiu usiku humjua ni zamu ya nani. Lakini ni kweli pia kuwa mtu mwema akikaa kimya ndani ya dhulma, wema wake huwa pazia lake. Hisham bin Hakim bin Hizam (r.a.) alipita Sham akawaona watu wamesimamishwa juani kwa ajili ya kodi, hakusikitika moyoni akapita, bali alisimulia aliyoyasikia kwa Mtume juu ya adhabu ya wanaowaadhibu watu duniani, akaingia kwa amiri akamwambia, nao wakaachiliwa. Wema unaoombwa kwa mlinzi ni wa namna hiyo: wema wenye ulimi.

Kwa hiyo anayetaka kuingia na ajipime kwa mambo matatu kabla ya kutia saini. Kwanza, ajue ni lipi atakalolikataa, na alijue sasa, kwani amri mbaya haiji na muda wa kufikiri. Pili, ajiulize kama anaweza kuishi na mshahara ule peke yake, kwani kama hautoshi na hana njia nyingine, lango la gereza litamfundisha kutoza. Tatu, awe na kazi nyingine mkononi, ushoni au useremala au uvuvi au biashara ndogo, ili siku atakapoambiwa achague baina ya rungu na mkate, awe na mkate mwingine. Mwenye riziki ya mlango mmoja ni mfungwa wa mlango huo, na mfungwa hawezi kumlinda mfungwa. Wazazi wanaowasukuma wana wao katika kazi hii na hawakuwafundisha ufundi wowote, wao pia wana sehemu katika yatakayotokea.

Wala jambo hili si la walinzi peke yao. Katika adabu za ukadhi, Imam Nawawi ametaja kuwa kadhi mpya akishika kazi, huanza kwa kuwatazama walio kifungoni: anayekiri kuwa amefungwa kwa haki hubaki, na anayedai kuwa amefungwa kwa dhulma, hutakiwa hoja kwa khasimu yake. Walitangulizwa wafungwa mbele ya mali za mayatima, na mbele ya wasii na amana, kwani kifungo ni adhabu inayoendelea, na kila saa ya kukawia ni saa ya mtu. Basi mji ambao watu wake hawajui ni nani aliye gerezani kwao, wala hawampelekei msahafu wala futari, wala hawamdhamini masikini wao, kisha wakamnyooshea kidole askari na kumwita dhalimu, mji huo umemtwika mtu mmoja mzigo wa watu wote.

Hukumu, basi, ni hii. Kazi ya kulinda gereza si haramu kwa dhati yake, wala si kazi tupu isiyo na hisabu. Ni amana, nayo ina pande mbili: asimpunguzie mwenye kudai haki yake kwa kumfungulia asiyestahiki kufunguliwa, na asimzidishie mfungwa hata kofi moja ambalo kadhi hakulihukumu. Anayeweza kuzibeba pande zote mbili, na aingie kwa jina la Mwenyezi Mungu. Asiyeweza, na akatafute riziki mahali pengine, kwani ardhi ya Mwenyezi Mungu ni pana. Na aliyemo ndani tayari, akaamrishwa dhulma anayoijua, na akatae. Akifukuzwa, na atoke, na ataacha nyuma yake ushahidi kuwa palikuwa na mtu aliyekataa.

Ewe Mola, wafungulie waliofungwa kwa dhulma, na uwaongoe waliofungwa kwa haki, na uwatie khofu yako wale walioshika funguo zao, siku ambayo kila mwenye ufunguo atakuja akiwa yeye ndiye mwenye kuulizwa. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.